Miaka Mitatu Juu ya Mabati, Nikilitafutia Dishi Anga

Nyie wa kidato cha kwanza na cha pili mliokuja kwenye ubao huu kutafuta ratiba ya mechi, ratiba iko upande wa pili. Hapa anaongea mstaafu.

Nina miaka kumi na saba. Nimestaafu ufundi wa madishi na sikustaafu kwa kupenda. Wastaafu wengine huagwa kwa soda, keki na hotuba ya kuwasifia hata uvivu wao. Mimi niliagwa kwa kufyeka uwanja wa mpira peke yangu, siku tisa, na fyekeo lenyewe lilikuwa butu. Kosa langu ni kwamba nilikataa somo la fizikia life katika shule hii. Wanafunzi kumi na mmoja tulikuwa tunaachishwa fizikia kwa sababu ya dishi moja la intaneti lililofungwa mahali pabaya, na kila mtu mzima aliyelitazama alisema limekufa. Nitafika huko. Kwanza niwape kazi yenyewe, maana siwaandikii ili mnihurumie.

Naitwa Restituta. Ni jina la bibi yangu mzaa baba, ndiyo maana baba yangu mdogo, Deo, ananiita mama. Msidhani ni heshima. "Mama, lete spana. Mama, siyo hiyo, ile nyingine. Mama, una akili kweli?" Mtu anakutuma kama mtoto na kukukaripia kama mtoto, halafu anakuita mama. Nilizoea.

Ba'mdogo ana kibanda cha madishi ya TV pale Shanwe, Mpanda mjini. Nilianza kazi kwake likizo ya kidato cha kwanza, na cheo changu cha kwanza kilikuwa mpiga kelele. Kama kwenu kuna TV, unakijua cheo hicho. Fundi yuko juu ya bati anazungusha dishi, mwenye nyumba yuko ndani anakodolea kioo, na katikati lazima awepo mtu wa kupokeza habari. Ndani wanasema bado. Mimi mlangoni napaza: bado. Ba'mdogo anasogeza dishi unene wa ukucha. Bado. Anasogeza tena. Imekuja. Hapo hapo, usiguse. Anakaza nati, anashuka, anakunywa maji. Nilikuwa na koo la maana. Mwenye duka la mtaa wa pili aliwahi kuzima TV yake kwa sababu alinisikia nikisema imekata.

Utaratibu huo ulimfaa Ba'mdogo tangu mimi sijazaliwa, kwa sababu satelaiti ya TV haihami. Iko mbali sana, kilomita zaidi ya elfu thelathini kwenda juu, na inazunguka sambamba na dunia. Ukiwa Mpanda unaiona kama imepigiliwa msumari pale pale. Ndiyo maana madishi ya kwetu karibu yote yanatazama juu, yakiinamia mashariki kidogo, kama kuku anayemeza maji. Ba'mdogo hakuhitaji kipimo. Anafika kwako, anaangalia jua, anaangalia mlango wako umeelekea wapi, anasema "ni pale". Na kweli inakuwa pale.

Halafu yakaja madishi bapa ya intaneti.

La kwanza tulilifunga Kasansa, kwa Mama Sada, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Tulipanda lori linalokwenda kuchukua mchele, tukapita mbugani, mbung'o wakatung'ata hata mahali ambapo siwezi kupataja kwenye ubao wa shule. Ba'mdogo alilipakata boksi la dishi njia nzima kama mtoto mchanga. Alikuwa hajawahi kulifunga dishi la namna ile na hakutaka mtu ajue. Karatasi ya maelekezo aliikunja akaiweka mfukoni. Akaniambia, "Mama, dishi ni dishi."

Akalifunga ukutani kwenye ghala, chini kidogo ya paa, likitazama pale pale yanapotazama madishi yote ya TV. Mama Sada akawekwa ndani na simu yake. Mimi mlangoni.

"Bado," alisema Mama Sada.

"Bado," nikapaza.

Ba'mdogo akazungusha.

"Imekuja."

"Hapo hapo."

Akakaza nati. Hata hajaifikisha mwisho, sauti ikatoka ndani taratibu: "Imekata."

"Nani kagusa?" Ba'mdogo akauliza kutoka juu.

"Hakuna aliyegusa, fundi. Mimi nimekaa tu."

"Umehama kwenye kiti?"

"Kiti changu na mbinguni vinahusiana vipi?"

Akalegeza nati, akazungusha tena. Imekuja. Akakaza. Imekata. Tuliendelea hivyo kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Kila alipokaribia kushinda, net ilikimbia. Alinilaumu mimi kwamba napaza kwa kuchelewa. Akalaumu waya, akalaumu mashine ya mpunga inayotikisa ukuta, wakazima mashine, wateja wakaanza kununa. Mwisho alikuwa anazungusha kwa hasira, jasho linamdondoka, na wazee waliokuwa wakisubiri pumba zao wamekaa wanatazama kama wako sinema.

"Fundi," Mama Sada akatoka nje akiwa ameshika kiuno, "hilo dishi unalizungusha kama unatafuta mahali linapowashwa. Shuka mje mle. Na lenyewe lishushe, lipumzike."

Ba'mdogo akalifungua, akaliweka chali juu ya magunia ya pumba, katikati ya uwanja wa kuanikia mpunga. Hakuchomoa waya. Tukanawa, tukaletewa wali na perege wa Ziwa Rukwa. Mama Sada akachukua simu akaanza kuongea kwa video na mteja wake wa Mbeya. Wakasalimiana. Wakaulizana habari za watoto mmoja mmoja. Wakabishana kuhusu mchele uliovunjika. Mimi nikaacha kutafuna.

"Ba'mdogo, net haijakata tangu tuanze kula."

"Kula kwanza."

"Ba'mdogo, mtazame Mama Sada."

"Mama, mtu akiwa na samaki mdomoni haongelei kazi."

Lakini akamtazama. Akamtazama muda mrefu, tonge likiwa mkononi. Kisha akatoa karatasi ya maelekezo mfukoni, ikiwa na jasho, akanipa niisome. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona ninafaa kwa kitu kingine zaidi ya koo.

Sikilizeni sasa, maana hili ndilo kosa ambalo fundi mzuri ndiye hulifanya, fundi mbovu halifikii. Satelaiti hizi mpya za intaneti haziko kule mbali. Ziko karibu, umbali kama wa kutoka Mpanda kwenda Mbeya kupitia Sumbawanga, ila unakwenda juu. Kwa sababu ziko chini, zinakimbia. Moja inachomoza, inapita juu ya kichwa chako, inazama, yote kwa dakika chache, na kabla haijazama nyingine imeshashika zamu. Ziko maelfu, zinapokezana kama sisi kwenye pampu ya maji. Dishi bapa halina haja ya kugeuzwa kuzifuata. Linazifuata lenyewe, kimya kimya, kwa umeme uliomo ndani yake. Ba'mdogo alikuwa anaifukuza satelaiti iliyokwisha kupita. Kila net ilipokuja, ilikuwa ni satelaiti inakatiza kwenye kiupenyo alichoacha kati ya paa na mti. Alikaza nati kwenye upenyo.

Tukalisimika kwenye bomba katikati ya uwanja wa mpunga. Halikukata tena. Tukirudi, tulipofika Sitalike, Ba'mdogo akanigeukia. "Lile dishi halitaki fundi," alisema. "Linataka uwanja." Sijasoma kitabu chochote kinachoeleza jambo hili vizuri zaidi.

Baada ya Kasansa mimi ndiye niliyekuwa nachagua mahali, yeye anachimba. Njia yangu ni hii, na haihitaji simu wala kipimo. Nenda pale unapotaka kuweka dishi, lala chali, tulia. Usichokiona wewe, na lenyewe halitakiona. Ukiona tawi, hapo net itakatika. Ukiona tangi, itakatika zaidi. Ukiona anga tu kutoka pembeni mpaka pembeni, inuka uweke alama kwa mkaa. Watu watakucheka. Pale Mpanda kuna mama alimwita mumewe aje aone binti amezirai kwenye bati lao.

Juu ya bati, kanyaga penye misumari, maana chini ya misumari ndipo penye mbao. Mimi nilikanyaga pasipo na misumari mara moja tu, mguu ukaingia mpaka gotini na kutokea kwenye dari ya watu waliokuwa wanakunywa chai. Nilisikia mtoto akisema, "Mama, mguu." Mchana wa Oktoba panda na gunia uliloliloweka, utandike, ndipo ukae. Bomba la chuma zege chini, usidanganywe na nguzo ya mti, mchwa wa huku hawaulizi nguzo ya nani. Waya upitishe kwenye mpira, panya wanaupenda. Na madishi haya yana joto kidogo, kwa hiyo usilifunge chini panapofikika. Mteja wetu mmoja alilalamika kwamba net inaondoka kila asubuhi. Tukaenda. Juu ya dishi kulikuwa na kuku, ametulia, na yai chini yake.

Kuhusu wasichana kupanda juu ya nyumba, nimeambiwa kila kitu. Nimeambiwa sitaolewa, nitazaa kwa shida, na bati litatoboka, kana kwamba wavulana wanaelea. Jibu langu ni kuvaa suruali ya michezo chini ya sketi na kuendelea na kazi. Mwenye net haulizi aliyelifunga alikuwa amevaa nini.

Sasa shule.

Mnajua kwamba hapa hatuna mwalimu wa fizikia, hatujakuwa naye tangu nifike. Nilipokuwa kidato cha tatu tuliletewa dishi bapa, kompyuta na kioo kikubwa, ili Madam Anitha atufundishe akiwa Iringa. Tulifurahi mpaka wapishi wakafurahi. Lakini mafundi walikuja na haraka zao, na Mkuu wa shule alitaka wageni wakiingia getini walione dishi kwanza. Likafungwa pembeni ya ofisi yake, kati ya mnara wa tangi la maji na ile mikaratusi. Ruta, kile kiboksi cha kugawa net, ikawekwa mezani kwake. Siku ile ile nililala chali pale kwenye nyasi. Niliona tangi, majani, na kipande cha anga kama leso.

Madam Anitha alikuwa anakatika kila baada ya muda mfupi. Anasema, "Ukizidisha masafa ya wimbi kwa..." halafu anaganda mdomo wazi. Tulikuwa tunashindana kubashiri neno linalofuata. Mmoja alibashiri "sukari". Tuliandika madaftari yenye matundu. Katika mtihani wa muhula, kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja tulifeli, na mimi nilikuwa wa kwanza kwa kufeli kidogo.

Mafundi walirudi mara moja, wakawasha, wakazima, wakasema limekufa. Ijumaa moja Mkuu akaingia darasani. Mkuu wetu siyo mtu mbaya, niliandike hilo mapema. Ni mtu anayeamini karatasi kuliko macho.

"Nyie wa fizikia," alisema, "Jumatatu wanakuja kulichukua dishi lao. Mtaacha fizikia, mtaendelea na masomo ya sanaa. Yana walimu."

Nikasimama. "Mkuu, dishi halijafa. Halioni tu."

"Halioni nini?"

"Anga. Tangi liko huku, miti iko huku. Likihamishwa juu ya maabara litafanya kazi."

"Haya umeyasomea wapi?"

"Kasansa, Mkuu."

Darasa likacheka, na yeye karibu acheke, akajizuia. "Restituta, mafundi waliosoma wamesema limekufa. Wewe unataka kulifufua. Sasa nisikie mtu amelipandia. Ataondoka na godoro lake siku hiyo hiyo."

Niwaambie nilivyofikiri usiku ule, maana mtu asiwaambie kwamba ushujaa ni kutoogopa. Godoro langu nilikuwa nalipenda. Nikifukuzwa nikiwa kidato cha tatu, baba yangu angenipeleka shambani na hadithi yangu ingeishia kwenye tumbaku. Lakini bila fizikia hakuna chuo cha mawasiliano kitakachonitazama, na ningebaki fundi wa kulala chali maisha yangu yote bila kujua kwa nini inafanya kazi. Na siyo mimi tu. Wale kumi walikuwa na mipango yao. Kwa nini watu kumi na mmoja wahame, wakati kinachotakiwa kuhama ni bomba moja?

Jumapili asubuhi shule nzima ikaenda misa. Mimi nikamwambia matroni tumbo linaniuma. Dhambi hiyo nimeshaiungama, msinihesabie. Aliyebaki bwenini alikuwa Zena, maana yeye ni Mwislamu, wakati huo kidato cha kwanza, mwembamba kama fito. Nikamwomba anishikie ngazi tu.

"Dada Resti, tukikamatwa?"

"Nitasema nilikuwa peke yangu."

"Na ngazi ilijishika yenyewe?"

Tangu hapo nilijua huyu atafika mbali.

Spana nilikuwa nazo, za Ba'mdogo, nilizileta toka likizo nikizificha kwenye begi la unga wa uji. Nikapanda juu ya maabara, nikalala chali kwenye bati. Hakukuwa na kitu. Hata tawi moja. Nilikaa pale labda dakika nzima zaidi ya nilivyohitaji. Halafu tukaling'oa dishi na bomba lake, tukalipandisha kwa kamba ya kuanikia nguo, nikalifunga kwenye ukuta wa juu wa maabara, nati nne, zimekaza.

Tatizo likabaki ruta. Waya haukufika tena ofisini, kwa hiyo ruta ilipaswa kuja maabara, na ruta ilikuwa ndani ya ofisi iliyofungwa. Dirisha lilikuwa wazi lakini lina nondo. Mkono wangu uliishia kwenye kiwiko. Tukatazamana na Zena. Akaingiza mkono mpaka begani na mti wa ufagio, akaivuta ruta juu ya meza polepole, ikapita kwenye faili, ikaangusha kikombe cha kalamu, ikafika. Kupanda bati lilikuwa kosa. Hili la dirisha sina jina lake.

Nikawasha. Kompyuta ya maabara ikazunguka, ikazunguka, ikashika. Nikakaa kuitazama. Zena akasema, "Mbona hushangilii?" Nikamwambia dishi halishangiliwi mpaka likae robo saa. Robo saa ikapita. Halikukata hata mara moja.

Nikampigia Madam Anitha kwa video. Alikuwa jikoni kwake, amejifunga khanga, anachambua maharage.

"Restituta, leo ni Jumapili."

"Najua, Madam. Kesho wanalichukua. Naomba kipindi kimoja tu kisichokatika."

Hakuuliza zaidi. Akaweka ungo chini, akafuta mikono, akasema waite wenzako. Misa ilikuwa inatoka. Zena akakimbia barabarani kuwaita, wakaja na nguo zao za kanisani, wakakaa. Somo lilikuwa mawimbi. Madam alitumia kamba ya nguo aliyoifunga kwenye kitasa cha mlango, akaitikisa, tukaona wimbi likienda na kurudi. Kwa mara ya kwanza alimaliza sentensi. Halafu akamaliza nyingine. Hakuna aliyebashiri sukari. Mmewahi kusikia jinsi darasa linavyokuwa kimya watu wanapoelewa? Ni kimya kizito kuliko cha mtihani.

Tulikuwa katikati ya hesabu ya masafa pale mlango ulipofunguka. Mkuu akasimama mlangoni na suti yake ya misa, mkononi kikombe cha kalamu. Jua lilikuwa nyuma yake. Hakuna aliyegeuka ila mimi.

Kwenye kioo Madam Anitha akakunja uso. "Wewe uliyechelewa hapo mlangoni," alisema, "kaa chini. Unawazibia wenzako mwanga."

Hakumtambua, jua lilikuwa kali. Tukasubiri anga ianguke. Mkuu akatazama kioo. Akatazama madaftari. Akatazama kioo tena, nafikiri akisubiri kikatike ili awe na haki. Hakikukatika. Akavuta stuli ya nyuma, akakaa.

Alikaa mpaka mwisho wa kipindi. Madam alipouliza nani hajaelewa, wawili walinyoosha mikono, na mmoja alikuwa yeye. Swali lake lilikuwa zuri, nakiri. Aliuliza kama satelaiti inakimbia hivyo, kwa nini sauti ya Madam haikimbii nayo. Akajibiwa kwa heshima, ingawa bado Madam alimwita "wewe wa nyuma".

Wenzangu walipotoka akaniambia nibaki.

"Nani aliingia ofisini kwangu?"

"Hakuna aliyeingia, Mkuu. Mkono tu."

"Wa nani?"

"Wangu."

Akatazama mkono wangu, akatazama nje ambako Zena alikuwa anajifanya anafagia kwa ufagio usio na mti. Hakusema kitu kuhusu Zena. Hilo nalo niliandike.

Jumatatu mafundi wakaja na boksi, wakapanda juu ya maabara, wakakaa huko kidogo, wakashuka na boksi tupu. Mmoja aliuliza nani kalihamisha. Mkuu alijibu, "Shule." Fizikia ikabaki. Mimi nikapelekwa ofisini, na Ba'mdogo akaitwa kutoka Shanwe kama mlezi wangu.

Alikaa kwenye kiti cha wageni na kofia yake magotini. Mkuu akamsomea makosa yangu, yalikuwa matano, mengine yalinishangaza hata mimi.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia, Mkuu. Adhabu mpe, anastahili. Nauliza kitu kimoja. Tangu juzi limekata?"

Mkuu akaiweka karatasi chini. "Halijakata."

"Basi naomba nirudishiwe spana zangu."

Adhabu ilikuwa uwanja wa mpira, mnaujua, na karatasi. Karatasi iliandikwa kwa mashine, ina muhuri, inasema mimi Restituta sitapanda juu ya jengo lolote la shule wala kugusa kifaa chochote cha mawasiliano hadi nitakapomaliza kidato cha nne. Nisiposaini, godoro. Niliisoma mara tatu. Nikasema, "Mkuu, nasaini, lakini sisemi samahani." Akasema hakuna sehemu ya samahani kwenye fomu. Nikasaini. Ndivyo nilivyostaafu.

Wapo wanaosema nilibahatika, kwamba lingekataa ningekuwa nyumbani leo. Hapana. Nililala chali kwanza. Wapo pia wanaosema mambo ya anga ni ya watu wa mijini, sisi wa huku tusubiri waje watufungie. Walikuja wakatufungia. Mliona.

Mimi ni mtu wa kutii karatasi, kwa hiyo nimeitii. Mwaka huu wote sijagusa hata waya. Juzi upepo wa mvua ulipoinamisha lile bomba na Madam akaanza tena kuganda mdomo wazi, Mkuu alikuja mwenyewe mpaka dirishani kwetu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa leo ananiruhusu. Nikamwambia karatasi haina neno leo. Akauliza sasa nani. Nikamwambia kila mtu katika shule hii isipokuwa mimi, maana ni mimi tu niliyesaini.

Akamwita Zena. Zena alipanda, alikanyaga penye misumari, alikaza nati nne na kushuka kabla kengele haijalia. Lakini Zena ni mmoja, na upepo ni mwingi, na mimi Novemba naondoka. Jumamosi saa nne, nyuma ya maabara, naanza kuwafundisha kazi hii. Nitakaa kwenye kiti, mikono nimeikunja, sitagusa kitu. Nitasema tu. Muhuri ule haukufika mdomoni.